Baba Mukwe Iko Muzima

Nyumbani kwa Anastasie, pale Nundu, baba wa familia ana miaka ishirini na mitano na kazi yake ni kutengeneza pikipiki. Msishangae. Kijana anaitwa Etabo Malisawa Isidore, majina matatu kamili, na yote matatu ni ya babu yake mzaa mama. Huku kwetu mtoto akipewa jina la mtu hapewi sauti ya kuitikia tu, anapewa na nafasi ya mwenyewe. Ndiyo maana Anastasie, aliyemzaa na kumfuta kamasi, humwita "papa". Na Fabien, mume wa Anastasie, humwita mtoto wake wa kumzaa "baba mukwe", wala si kwa utani. Tangu kijana akitambaa, Fabien hajawahi kumpiga hata kofi moja, maana ni mkwe gani mwenye adabu atakayemchapa baba wa mke wake? Kijana aliligundua hilo mapema sana, akalitumia mpaka likachakaa. Redio ngapi za Fabien alizifungua kuona ndani kuna nini, akaziacha hivyo hivyo wazi, na baba yake akabaki kusema, "Haizuru, baba mukwe."

Anastasie mwenyewe ni mkamuaji wa mawese. Miaka thelathini sasa anachemsha chikichi, anaziponda, anazikamua kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, na kucha zake hazina rangi nyingine isipokuwa ya machungwa. Ni mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu. Wateja wa mjini Baraka wanaokuja na madumu yao wanajua: bei ni ile aliyoitaja, na ukiguna anakumwagia mafuta yako kwenye pipa lake tena.

Hasira hizo zina mwanzo wake. Mwaka wa tisini na nane, vita vya pili vilipofika ufukweni mwa ziwa, askari wa nchi jirani walipita Nundu wakikusanya wanaume wa kubeba masanduku ya risasi kuelekea milimani. Mzee Isidore, baba yake, alikutwa kwenye michikichi yake. Hakuwa kijana, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, lakini askari hawakuuliza habari za magoti. Walimtwika. Nyuma yake katika mstari alikuwepo Néhémie, mtoto wa jirani, wakati huo hajafika miaka ishirini. Néhémie ndiye aliyerudi na habari. Siku ya tatu, kwenye mpando wa mlima, mzee aliketi na hakuweza kuinuka. Wengine waliamriwa waendelee. Walipopita kona, Néhémie alisikia risasi mbili. Hakugeuka nyuma, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia kwamba hakugeuka, hata kama hukumuuliza hilo.

Basi hakuna aliyeona maiti. Watu walikaa matanga bila mwili wala kaburi, na miezi minne baadaye Anastasie alipojifungua mtoto wa kiume, ukoo ulikaa ukasema jambo hili tulifunge: mzee arudi kwa njia hiyo. Wote walikubali isipokuwa mtu mmoja, Constance, mjane wa mzee, mama yake Anastasie. Yeye hajawahi kumwita mjukuu wake jina lile. Humwita "mutoto", basi. Alikataa kunyoa nywele za msiba, akakataa kugawa nguo za mumewe. Leo ana zaidi ya miaka themanini, anakaa kwa binti yake, anachambua maharage, na mtu akibisha hodi na sauti ya kiume yeye ndiye wa kwanza kuinua kichwa. Anastasie ameishi na kuinuliwa kwa kichwa kule kwa robo ya karne, na kila mara kunamchoma.

Kwa hiyo redio ya Baraka ilipotangaza kwamba ile nchi jirani italipa fidia, na kwamba ofisi imefunguliwa kuandikisha marehemu wa vita, Anastasie alisikiliza neno moja tu. Majina ya watakaokubaliwa, alisema mtangazaji, yatasomwa hadharani mbele ya mjumbe wa nchi ile ile. Wengine walianza kuhesabu mabati watakayonunua. Anastasie alimuona mama yake ameketi kwenye kiti cha mbele, anasikia jina la mumewe likitamkwa na serikali mbili kwamba amekufa, na anarudi nyumbani kulia kama watu wengine. Alilitaka hilo kabla mama hajaondoka duniani.

Pale kwenye mashine ya mawese walibishana. Fabien, mtu wa amani mpaka inaudhi, hakuona faida.

"Mama Fanny," alimwambia mkewe kwa jina la binti yao mkubwa, "bale batoto ba leo ba kule bamekosa nini? Mutu alizaliwa juzi, unamwambia alipe kosa ya baba yake?"

"Dawa ya deni ni kulipa," alisema Néhémie, aliyekuja kukamuliwa chikichi zake.

"Dawa ya nini? Bale baliouwa bengine basha kufa. Utamulipisha nani, kaburi?"

Anastasie aliacha kuzungusha mashine. "Baba Fanny, bale batoto ba leo banarizi mayumba. Banarizi barabara, banarizi sifa ya jeshi yao, kila mwaka banaiimbia na bendera. Deni tu njo habarizi?"

Fabien akaliacha hilo la kurithi, akaenda kuongeza kuni. Anastasie akaendelea, ingawa hakuna aliyembishia tena. Baba yake alimsimulia kwamba zamani mtu akiua, ukoo wake hauulizi nani alikuwepo na nani hakuwepo. Wanakuja wote, wanakaa chini mavumbini, na mkubwa wao anamtaja marehemu kwa jina. Mbuzi anafuata baadaye. "Bakileta mbuzi bila kumutaja mutu," alisema, "ile ni biashara."

Wiki iliyofuata alipanda pikipiki hadi Baraka. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya kukodi vyenye rangi mpya, na karani wake alikuwa binti wa Bukavu anayeitwa Gentille, mpole, mwenye kumpa kila mama kiti kabla ya kumuuliza kitu. Aliandika kila neno. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa wa mzee, Anastasie hakuujua, na kusema kweli mzee mwenyewe hakuwahi kuujua. Gentille akaacha nafasi ile wazi, akabonyeza kidude chake, kompyuta ndogo ya mkononi. Kikafikiri, kikalia.

"Mama, huyu iko mu listi ya bapigakura. Etabo Malisawa Isidore, wa Nundu. Alijiandikisha juzi juzi."

"Ule ni mutoto yangu. Tulimupa jina ya papa."

Gentille akacheka, akafunika mdomo. "Na mi kwetu baniita koko, bibi, juu nilipewa jina ya nkambo yangu. Hata mama yangu ananipa shikamoo." Lakini kicheko kilikoma aliporudi kwenye kioo. Mashine haikuwa na mahali pa jambo kama hilo. Ilikuwa na visanduku viwili, hai na marehemu, na mtu aliyejiandikisha kupiga kura aliangukia kimoja tu. Akaandika maelezo pembeni kwamba wako wawili wa jina moja, akachukua nambari ya simu ya nyumbani, akamhakikishia: "Bakubwa ba Kinshasa batapiga simu, bataulizia. Mutabaelezea, itaisha."

Sasa sikilizeni jinsi ilivyoisha. Simu ya nyumba ile ni moja, na mchana hukaa kwa Fabien kwa sababu mikono ya mkewe ina mafuta. Siku zile kijana Isidore alikuwa ameomba kazi ya udereva kwenye shirika moja pale kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja jibu. Simu ikalia wakati Fabien amekaa kwenye ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Sauti ya mwanaume, Kiswahili cha kusoma, ikasema inatoka Kinshasa, ofisini, inahitaji habari za Bwana Etabo Malisawa Isidore. Fabien akaruka, akafuta mkono kwenye suruali.

"Ni hapa, chef! Njo kwake!"

"Wewe ni nani kwake?"

"Mi niko mukwe yake. Ye ni baba mukwe yangu."

"Na yuko hai?"

Fabien alilishangaa swali, lakini akadhani mashirika huuliza hivyo, maana yanauliza mengi. "Baba mukwe? Baba mukwe iko muzima kabisa, Mungu asifiwe! Iko na nguvu, haina ugonjwa, hanywi pombe. Hata saa hii iko ku kazi."

Sauti ikashukuru. Fabien akamalizia ugali wake kwa furaha, na jioni akawatangazia wote kwamba kazi imepatikana. Anastasie alimkaanga kuku.

Miezi miwili ilipita. Kazi ya Lusenda alipewa mwingine, watu wakasikitika siku mbili. Kisha orodha ikabandikwa Baraka, na Anastasie akaisoma ukutani kwa kidole, karatasi ya kwanza mpaka ya kumi na nne, halafu akarudia kutoka ya kumi na nne mpaka ya kwanza. Kaka wa Néhémie, aliyeuawa wiki ile ile ya mzee, alikuwepo. Mzee Isidore hakuwepo. Ndani, Gentille alifungua faili lile na uso wake ukabadilika kabla hajasema kitu. Akasoma polepole: yuko hai, afya njema, anafanya kazi, imethibitishwa kwa simu na mkwe wake.

Anastasie hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka kwamba Fabien alikuwa akiosha miguu, na kwamba beseni lilipinduka.

"Ulibaambia papa iko muzima!"

"Papa gani? Baliniuliza baba mukwe!"

"Baba mukwe yako alikufa, Fabien! Alikufa, nilikuwa na tumbo!"

"Sasa nilitaka nimuite nani?" Fabien naye kwa mara ya kwanza akapandisha sauti. "We mwenyewe asubui unamwambia, papa kuja ukunywe chai. Miaka yote hii munanifundisha kumuheshimu, leo heshima ni kosa?"

Na hapo ndipo kulikouma, kwa sababu hakukuwa na wa kumlaumu. Angekuwa mwongo angemlaani, angekuwa mlevi angemfukuza. Alikuwa mwanaume mwenye adabu aliyejibu jinsi watu wote wa Nundu wangejibu. Anastasie alibaki na hasira zake mkononi, hana pa kuziweka.

Gentille alikuwa amemwambia njia moja. Kijana aende mahakamani, abadilishe jina, apate kadi mpya. Jina likitoka kwa walio hai, mashine italikubali kwa wafu. Anastasie alilisema hilo nyumbani kama mtu anayetema kitu kichungu, akitumaini wote watalikataa. Kijana wala hakufikiri.

"Mama, ile ni jambo kidogo. Ku garage baniita Eddy, basha zoea. Nikuwe Eddy, mambo iishe."

Alilisema kwa wema. Ndivyo ilivyo, alitaka kumsaidia mama yake, na pengine hata zile pesa za fidia alizifikiria kidogo, nani hatafikiria? Lakini Anastasie alimtazama mtoto ambaye yeye alimwita papa tangu siku ya kwanza, akaona kwamba kwa kijana jina lile lilikuwa shati tu. Wale wa milimani walimuua mzee mara moja. Ili wakubali kwamba walimuua, yeye binti yake sharti amuue tena, hapa nyumbani, na hakimu apige muhuri. Alisema hapana. Alisema hapana hata Néhémie alipomwambia afikirie, na usiku hakula.

Akachukua njia ya malalamiko. Néhémie alimsaidia kuandika barua ya kurasa tatu kwa Kifaransa safi, akaweka na ushahidi wake wote, magoti, mpando, kona, risasi mbili. Barua ikaenda Kinshasa. Jibu likaja baada ya siku arobaini, karatasi moja yenye muhuri mkubwa wa bluu. Aliyelileta alimkabidhi Fabien, na Fabien, ambaye hakujifunza chochote kutokana na simu, akaanza kulisoma na kulifasiri hapo hapo uani, kwa sauti ya kanisani, Anastasie hajatoka hata kwenye mashine.

"Banasema... Ofisi imehakikisha kama Bwana Etabo Malisawa Isidore, wa Nundu, iko muzima. Anaombwa akuje ye mwenyewe ku Baraka, siku ya ine, saa tatu ya asubui, na kadi yake, afute jina yake mu listi ya bale basha kufa."

Bibi Constance aliacha maharage. "Soma tena."

Na Fabien akasoma tena.

Anastasie alipofika uani mama yake alikuwa amesimama, bila fimbo, na maharage yamemwagika miguuni. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Anastasie hajaiona tangu akiwa msichana.

"Nilibaambia," alisema Constance. "Hamukunisikia."

"Mama, haiko ye. Bamechanganya na mutoto. Ni jina tu."

"Bamesema Isidore wa Nundu."

"Ni jina, mama! Fabien njo aliharibu, ku simu..."

"Serikali iko na mashine," alisema mama yake, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "We uko na nini?"

 Anastasie hakuwa na kaburi la kumpeleka mama yake, wala mfupa. Alikuwa na Néhémie aliyesikia na hakugeuka. Jioni ile Constance aliomba maji ya moto, akaoga, akatoa sandukuni suruali na koti la mumewe, akaanza kuyaanika.

Alhamisi, ile siku ya ine, saa tatu, Anastasie alikuwa ofisini Baraka, peke yake. Kijana alitaka kumsindikiza, akakatazwa. Safari hii aliyemkalisha hakuwa Gentille bali mkubwa mwenyewe, Bwana Henri, aliyetumwa kutoka Kinshasa, mwenye shati lililonyooka na haraka ya kuondoka. Gentille alikaa pembeni na faili magotini.

"Tulimuita mwenyewe," alisema Bwana Henri. "Yuko wapi?"

"Mi njo nilikuja kukuuliza, chef. Karatasi yenu inasema iko muzima. Mama yangu anaanika nguo zake. Iko wapi?"

Gentille akamweleza mkubwa wake kwa Kifaransa, haraka haraka, jina, mtoto, simu, mkwe. Bwana Henri alisikiliza, na lazima isemwe kwamba alielewa. Alikuna kidevu, akasema ni bahati mbaya, jambo kama hilo hutokea. Faili litafunguliwa upya. Litarudi Kinshasa, litachukua miezi sita, labda minane, na zoezi la kusoma majina bahati mbaya litakuwa limepita, lakini haki yake ya fidia haitapotea, mama asiwe na wasiwasi.

"Fidia muiache," alisema Anastasie. "Kutoka hapa mpaka Nundu ni saa moja na pikipiki. Mukuje na mi leo. Muingie mu nyumba yangu, mumwambie mama yangu kwa kinywa yenu kama mulikosea. Kama bwana yake alikufa. Mi nikimwambia haamini, juu mi sina muhuri."

Bwana Henri alitazama saa yake. "Mama, ninakuelewa. Lakini kwenda kwenye familia si kazi tuliyotumwa. Sisi tunashughulikia fidia tu."

"Na fidia njo nini?"

 Gentille alikuwa amekwisha inuka na mkoba wake begani, akasema, "Chef, mi naweza kwenda." Bwana Henri akamwambia akae, watu wengine wanangoja nje, na Gentille, ambaye ana mama na wadogo zake Bukavu wanaokula kwa kazi ile, akakaa. Alipokaa hakumtazama tena Anastasie.

Anastasie alirudi na pikipiki ya jioni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Nchi kubwa zimeshindwa, serikali imeshindwa, basi atalisema yeye, leo, bila kuzunguka, hata kama mama atamchukia mpaka mwisho. Alilipanga kwa Kiswahili, akalipanga kwa Kibembe, na kwa Kibembe lilikuwa fupi zaidi.

Fabien na Néhémie walikuwa wamekaa uani, hawasemezani. Kijana alikuwa akifunga pikipiki ya mtu. Constance alikuwa mlangoni, amevaa kitenge chake kizuri, amefunga kilemba, ameketi wima kama mtu aliyeambiwa kwamba wageni wako karibu. Alimwona binti yake akiingia peke yake, na hakushtuka.

"Bamesema atafika lini?"

Miezi yote hiyo Anastasie alikuwa amepigana ili mtu aandike kwamba baba yake amekufa. Sasa neno lilikuwa lake kulisema, na wote uani walikuwa wakimtazama. Aliuona ule uso uliooshwa, ukingoja, umri wote umeondoka juu yake.

"Bado banamutafuta, mama," alisema, na alijichukia kwa kusema hivyo.

Constance akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwambia Fabien kwamba chakula cha mumewe kiwekwe pembeni, mtu asikiguse.